Turbo kubwa, barabara fupi: jinsi ya kuchagua turbo ya gari la mjini

Kuna gumzo lisiloisha Mombasa, kuanzia kwa mafundi wa Shimanzi hadi kwa vijana wanaoegesha Subaru zao Mama Ngina jioni. Fulani ameweka turbo kubwa, gari lake sasa linaruka. Haupiti muda gumzo linageuka: gari la fulani mwingine limekuwa zito, pale Nyali Bridge linaachwa na Probox, na kibaya zaidi injini imenoki. Wote huwa wanasema kweli. Ila hakuna anayeuliza turbo ni kubwa kiasi gani, imefungwa kwenye injini ipi, na gari lenyewe linaendeshwa wapi.

Maswali hayo ndiyo yanayorukwa dukani pia. Muuzaji anakuonyesha turbo inayong'aa, anakutajia hospawa 400, anakwambia inaingia palepale ilipokaa ya zamani. Huenda ikaingia kweli. Boliti kuingia bado hakujakwambia lolote kuhusu gari litakavyokwenda.

Turbo hufanya kazi gani

Injini ya petroli haiishi kwa petroli peke yake. Kila kilo moja ya petroli inataka takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Kuongeza petroli ni rahisi, unaweka injekta (vinyunyizi vya petroli) kubwa basi. Kigumu ni kuingiza hewa, kwa sababu pistoni ikishuka huvuta kiasi kinachotosha nafasi yake tu.

Turbo ni pampu ya hewa isiyotumia mkanda wala umeme. Ina magurudumu mawili yenye mapanga, yamefungwa kwenye shafti moja. Moja linakaa kwenye njia ya moshi wa ekzosi, nalo huitwa tabaini. La pili linakaa kwenye njia ya hewa safi, nalo ni kompresa. Moshi ukitoka kwa kasi unazungusha tabaini, shafti inazungusha kompresa, na kompresa inavuta hewa kutoka kwenye filta, inaibana na kuisukuma injini iimeze. Shafti hiyo hupita mizunguko 100,000 kwa dakika, na kwenye turbo ndogo hupita hata 200,000, huku ikielea juu ya utando mwembamba wa oili. Shika hilo la oili, tutalirudia.

Fikra hii ina umri mkubwa kuliko magari mengi tunayoyaita ya kizamani. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliipatia hataza mwaka 1905, na ilianza kutumika kwa dhati kwenye injini kubwa za dizeli kabla ya kufika kwenye magari madogo. Meli za makontena zinazoingia Kilindini zinakwenda kwa turbo. Malori yanayoyachukua makontena hayo kupeleka bara, turbo pia.

Kwa hiyo turbo yenyewe haitoi nguvu. Inaleta hewa, na nguvu hutengenezwa ndani ya silinda hewa hiyo ikikutana na mafuta ya kutosha na cheche iliyopigwa kwa wakati wake. Wanaotyuni magari, yaani wanaoyapangia upya mafuta na cheche ili yapate nguvu, wana hesabu ya haraka: kila kilo moja ya hewa inayoingia kwa dakika huleta takriban hospawa 22. Ukitaka hospawa 300, turbo yako lazima iweze kupitisha karibu kilo 13.6 za hewa kila dakika. Hiyo ndiyo namba ya kuanzia, na ajabu ni kwamba wanunuzi wengi hawaiulizi. Wanauliza busti.

Busti si nguvu

Busti ni presha ya ziada, juu ya ile ya hewa ya kawaida, inayopimwa kwenye manifoldi, bomba linalogawia silinda hewa. Wengi hapa tunaipima kwa psi, yaani pauni kwa inchi ya mraba. Kwa kuwa kuna geji yake na mshale unacheza mbele ya macho, watu wanashindana nayo: mimi psi 14, yule psi 18, basi yule ni mkali. Lakini geji ile inapima jinsi hewa ilivyobanana mlangoni mwa injini. Haikwambii ni hewa kiasi gani imepita, wala ni ya moto kiasi gani.

Joto ndilo linaloleta tofauti. Hewa ikibanwa inapata moto, hilo hakuna turbo inayolikwepa. Chukua mchana wa Mombasa, nje nyuzi 32 za Selsiasi. Ibane hewa hiyo mara mbili ya presha yake, yaani karibu psi 15 za busti. Kompresa iliyo kwenye sehemu yake nzuri ya kazi, yenye ufanisi wa asilimia 75, itaitoa hewa ikiwa na nyuzi zipatazo 121. Kompresa ndogo iliyokamuliwa hadi ufanisi ukashuka kufikia asilimia 60 itaitoa ikiwa na nyuzi zipatazo 144. Geji inasoma psi 15 kwa zote mbili. Moja inalisha injini hewa nzito zaidi, nyingine inapuliza joto.

Hapo ndipo ilipo faida halisi ya turbo kubwa. Turbo ndogo ya kiwandani huishiwa pumzi injini ikifika mizunguko ya juu: kompresa inachemsha hewa, na tabaini ndogo upande wa pili inaziba njia ya moshi, injini inashindwa kutoa uchafu wake. Ukiweka kubwa zaidi unaweza kupata nguvu zaidi kwa busti ileile, kwa sababu hewa ni baridi na moshi una pa kutokea. Kama mtu amekuuzia turbo kubwa kwa kukuahidi "itapiga psi nyingi", amekuuzia sababu isiyo yenyewe.

Gharama ya ukubwa

Mtazame mchoma mishkaki jioni. Akiwa na kipepeo kidogo, mkono unakolea mara moja na cheche zinaruka, lakini jiko likijaa, hewa haitoshi hata apepee mpaka jasho limtoke. Akichukua kipepeo kipana, kila pigo linasukuma hewa ya kutosha jiko zima, ila kukianzisha kuna kazi, na mkono mchovu haukiwezi kabisa. Kwenye gari, mkono huo ni moshi wa ekzosi. Injini ya lita 2.0 ikiwa kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika haina moshi wa kutosha kuzungusha gurudumu kubwa, hata ukanyage mpaka chini.

Na uzito wa kulianzisha gurudumu haupandi taratibu. Ukilipanua kwa asilimia 20 huku umbo likibaki lilelile, ugumu wa kulitia kasi hupanda kwa kipeo cha tano cha kipenyo chake, yaani takriban mara mbili na nusu. Ndiyo maana tofauti ya milimita chache kwenye karatasi ya vipimo inakuwa tofauti kubwa mguuni.

Kuna mambo mawili hapa ambayo karibu kila mtu anayachanganya. La kwanza ni kizingiti: mizunguko ya chini kabisa ambayo turbo inaweza kutoa busti ya maana. Chini ya kizingiti, kanyaga utakavyo, hakuna kitu. La pili ni lagi: muda unaopita kati ya kukanyaga na busti kufika, injini ikiwa tayari juu ya kizingiti. Kizingiti unaweza kukikwepa kwa kushusha gia. Lagi hukwepi kwa gia. Inapunguzwa na magurudumu mepesi, beringi za gololi, na mipira mifupi ya hewa. Mwenye gari anaposema "lina lagi", nusu ya wakati anamaanisha kizingiti kimekaa juu mno, na hakuna beringi itakayomsaidia. Turbo ni kubwa, basi.

Sasa tazama barabara yako

Hapa ndipo nina msimamo, na wapenda kasi wengine watanikatalia. Gari la kila siku Mombasa linafanya kazi yake kati ya mizunguko 1,500 na 4,000. Kutoka Mkomani kuvuka daraja hadi mjini, unachungulia nafasi kati ya matatu na tuk-tuk. Ukipita Kongowea saa ya soko unakanyaga breki kuliko petroli. Makupa unapanda, unashuka, unasimama. Unachohitaji katika maisha hayo ni gari linaloitika haraka ukiona nafasi ya kupita.

Tuseme umeweka turbo inayoamka mizunguko 4,500. Gari la aina ya Impreza WRX ya gia tano, likiwa gia ya tatu kwenye mizunguko 5,000, limekaribia kilomita 110 kwa saa. Hicho ndicho kikomo cha juu kabisa cha gari dogo nchini, na ndani ya mji kikomo ni 50. Maana yake turbo yako inaamka pale sheria inapokwambia lala. Hata Dongo Kundu, ambako njia imefunguka na upepo wa bahari unavuma, utapata raha ya sekunde chache tu kisha uachie.

Mwenye kulipeleka gari kwenye mashindano ya mbio fupi au ya viwanja ana hesabu nyingine kabisa. Yeye haishi chini ya mizunguko 4,000. Tatizo letu ni kwamba turbo tunazozisifu ni zile tulizoziona kwenye magari ya watu wa namna hiyo.

Kwa gari la barabarani, kanuni ninayoweza kuitetea ni hii: amua nguvu unayoitaka kwa dhati, halafu nunua turbo ndogo kuliko zote zinazoweza kuifikisha bila kukamuliwa. Usinunue turbo ya hospawa 450 uitumie kwa 300 kwa kudhani umejiwekea akiba. Utalipia kizingiti cha 450 kila asubuhi.

Mfano ulio karibu na wengi. WRX ya 2002 iliyouzwa Marekani ilikuwa na hospawa 227 kutoka kwenye turbo ya TD04 iliyotengenezwa na Mitsubishi, na turbo za familia hiyo zimo kwenye Forester nyingi za zamani tulizonazo hapa. TD04 huanza kuhema ukiivutia karibu na hospawa 250. Hatua ya juu yake ni zile za kampuni ya Kijapani ya IHI za mfululizo wa VF, au TD05 yenye gurudumu linaloitwa 16G, familia moja na zilizokuwa kwenye Lancer Evolution. Hizo zinabeba hospawa 300 bila shida, na bado zinaamka mapema kiasi cha kufaa mjini. Upande wa Volkswagen, mwenye Golf GTI ya kizazi cha saba ana turbo ya IS20, na hatua inayofahamika ni IS38 ya Golf R, ambayo kiwanda chenyewe kiliiweka kwenye injini ya familia hiyohiyo. Ukipita hapo kwenda zile za kampuni ya Garrett za magurudumu makubwa, tayari umetoka kwenye gari la kupeleka watoto shule.

Ramani na namba

Kila kompresa ya mtengenezaji wa maana ina ramani yake, mchoro wenye miviringo kama ile ya vilima. Chini kuna kiasi cha hewa, pembeni kuna uwiano wa presha, yaani presha inayotoka ikigawanywa kwa presha inayoingia. Miviringo ya katikati ndiyo ufanisi mzuri. Kushoto kuna mstari wa hatari: ukiuvuka, hewa ni kidogo kwa presha unayoitaka, kompresa inashindwa kuishikilia, hewa inarudi nyuma na kupigapiga. Ndiyo maana turbo kubwa mno inaweza kuumia ikilazimishwa busti kubwa chini. Kulia ni mwisho wa uwezo, ambako gurudumu linazunguka kwa kasi ya kupindukia bila kuongeza hewa.

Tuiweke injini ya lita 2.0 hapo. Ili ipate kilo 13.6 za hewa kwa dakika kwenye mizunguko 6,500, hewa ikiwa imepozwa vizuri, inahitaji kama psi 16 za busti hapa Mombasa. Sisi tuko usawa wa bahari, hewa ya nje inatupa psi 14.7 za bure. Ukiongeza presha inayopotelea kwenye filta na kwenye kipoza hewa, uwiano unafika kama 2.2. Tafuta alama hiyo kwenye ramani. Ikiangukia miviringo ya katikati au kulia kwake kidogo, turbo inafaa. Ikiangukia kushoto kabisa, ni kubwa mno. Ni jambo la dakika kumi na penseli, na linaokoa pesa nyingi.

Kuna jambo linalowakanganya watu wa Pwani wanaopeleka magari Nairobi kutyuniwa. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari na hewa yake ina presha ya karibu psi 12. Ili injini ileile ipate hewa ileile huko, busti inabidi iwe kama psi 19, na turbo inazunguka kwa kasi zaidi kuifikia. Turbo inayotosha sawasawa Mombasa inaweza kuwa imekamuliwa Nairobi. Kwa hiyo mwenzako wa bara akikwambia "chukua saizi hii", huenda ni kweli kwake na ni kubwa kwako. Na gari lililotyuniwa Nairobi likiteremka Pwani, litapimwa upya, kwa sababu hewa ni nzito zaidi, halafu ni ya moto zaidi. Unyevu wetu nao unaingia kwenye hesabu: siku za joto la Machi mvuke huchukua asilimia 3 hadi 4 ya nafasi ya hewa, nguvu inapungua kidogo, ingawa mvuke huohuo husaidia kupoza mwako.

Namba nyingine utakayoiona kwenye tangazo ni A/R, tuseme 0.63 au 0.82. Inahusu nyumba ya tabaini, lile gamba la chuma linaloizunguka: eneo la njia ya moshi likigawanywa kwa umbali wake kutoka katikati ya shafti. Ndogo inaubana moshi uende kasi, turbo inaamka mapema lakini juu inaziba. Kubwa kinyume chake. Kwa turbo moja yenye chaguo la nyumba mbili, mtu wa mjini achukue ndogo.

Angalia pia kama turbo ni ya njia moja au ya njia mbili za moshi. Ya njia mbili hutenganisha mapigo ya silinda zisigongane, na huamka mapema. Subaru nyingi zilizouzwa Japani zilikuwa nayo, lakini inataka manifoldi yake ya ekzosi. Watu wameuziwa turbo nzuri kabisa isiyofungika kwenye manifoldi waliyo nayo.

Vinavyobaki kwenye foleni ya pesa

Turbo ikileta hewa zaidi, mafuta lazima yafuate. Injini inayotoa hospawa 300 ikikanyagwa mpaka mwisho hunywa takriban lita 1.8 za petroli kwa dakika. Ukigawanya kwa injekta nne, na ukitaka kila moja isifanye kazi zaidi ya asilimia 80 ya muda wake, unahitaji injekta za karibu cc 570 kwa dakika, na pampu ya kuzilisha. Mafuta yakipungua wakati busti iko juu, hakuna onyo refu. Pistoni inayeyuka au inapasuka.

Kipoza hewa, ambacho mafundi hukiita intakula, ni rejeta ndogo inayopoza hewa iliyobanwa kabla haijaingia injini. Subaru nyingi huiweka juu ya injini chini ya lile tundu la boneti. Gari likitembea inafanya kazi. Gari likisimama kwenye msongamano wa daraja robo saa, inaoka juu ya injini, na mikanyago ya kwanza baada ya foleni inaingiza hewa ya moto. Ukiongeza turbo, fikiria kuihamishia mbele ya gari au angalau kuweka iliyo nene zaidi. Kwa joto letu ningetumia pesa hapa kabla ya kuongeza psi hata moja.

Joto na busti vikikutana na petroli dhaifu, ndipo kinapotokea kile kilio cha injini kinachoitwa noki. Mchanganyiko uliobaki pembeni ya silinda unalipuka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia, na pistoni inapata pigo. Oktani ndicho kipimo cha petroli kuvumilia jambo hilo. Magari yetu mengi ya turbo yametoka Japani, ambako petroli ya daraja la juu huuzwa ikiwa na oktani inayokaribia 100, na kompyuta za magari hayo zilipangwa kwa mafuta hayo. Super tunayojaza kila siku iko chini ya hapo. Yaani gari lilikuwa tayari limepunguziwa nafasi ya makosa siku liliposhuka bandarini, hata kabla hujaligusa. Mwambie anayekutyunia utajaza mafuta gani kwa kweli, kwenye kituo gani, na si yale utakayojaza siku ya maonyesho.

Kutyuni kwenyewe hakuna njia ya mkato. Kompyuta ya gari haijui umebadilisha turbo. Inaendelea kutoa mafuta na cheche kwa hesabu ya turbo ya zamani, na kipimo cha hewa kikifika mwisho wake inakuwa inakisia. Gari lipande mashine ya kupimia nguvu, au lipimwe barabarani na mtu mwenye kifaa cha kusoma mchanganyiko kwenye ekzosi. Fundi anayekwambia "liendeshe tu, litazoea" mlipe kazi ya boliti uondoke.

Halafu gia. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, Forester XT zilizoshuka miaka ya karibuni ni zile za mwisho za injini ya FA20, zenye gia zisizo na hatua (CVT). Gia hizo zina kikomo cha msokoto zinaoweza kubeba, na kompyuta yake hulinda kikomo hicho kwa ukali. Turbo kubwa hapo ni pesa uliyoifungia mlango. Gia tano za WRX za zamani nazo zina sifa ya kuvunjika meno mtu akiwa na nguvu nyingi na mguu mzito.

Maneno ya mtaani

Ile sauti ya pshhh haiongezi nguvu. Ni hewa iliyobaki kati ya kompresa na kilango cha hewa cha injini (throttle) inayotolewa ukiachia mguu. Kwenye Subaru hewa hiyo ilikwisha kuhesabiwa na kipimo, kwa hiyo ukiimwaga nje badala ya kuirudisha kwenye bomba, injini inapata petroli ya hewa isiyokuwepo na gari linakohoa moshi mweusi kidogo. Ile nyingine ya sututu-tu-tu, inayosifiwa zaidi, ni hewa ikirudi na kupiga mapanga ya kompresa. Inaonyesha kwamba hewa imekosa pa kutokea. Haithibitishi kwamba turbo ni kubwa.

Wapo wanaoamini ekzosi pana ni bure. Kwenye gari la turbo ni nzuri kweli, lakini ina mtego. Turbo ina mlango mdogo unaopitisha sehemu ya moshi kando ili busti isizidi, ule wa westigeti. Ukifungua ekzosi sana na mlango huo ni mdogo, moshi unaendelea kuzungusha tabaini na busti inapanda yenyewe kupita ulipoipanga. Geji inayopanda taratibu kuelekea mizunguko ya juu ndiyo dalili, na dawa yake ni kupanua mlango, si kutyuni.

Na suala la kuliacha gari linguruma dakika tano kabla ya kuzima. Ukitoka kuendesha kwa nguvu, dakika moja ya mwendo wa pole inatosha. Ukitoka kutambaa Kongowea, turbo imeshapoa kitambo. Zima ukalale.

Ukinunua iliyotumika

Wengi wetu tutanunua iliyoshuka na injini ya Japani, na hakuna ubaya. Toa mpira wa hewa wa mbele, shika nati ya gurudumu la kompresa kwa kidole na gumba. Ivute na kuisukuma kwa urefu wa shafti: usisikie mchezo wowote. Isukume upande kwa upande: kwenye beringi za kawaida kutakuwa na mchezo mdogo, kwa sababu oili haimo, lakini mapanga yasiguse nyumba hata ukibana. Kisha elekeza taa ya simu kwenye ncha za mapanga, uzungushe pole pole. Ncha zilizolika zikawa kama zimepigwa msasa zimekula vumbi kwa sababu ya filta mbovu. Ncha iliyopinda, hata moja, rudisha. Upande wa moshi tafuta nyufa kwenye nyumba ya tabaini, hasa karibu na mlango wa westigeti, na pitisha ukucha juu yake. Ufa unaonasa ukucha si alama ya moto tu.

Uliza turbo ile ya kwanza ilikufa kwa nini. Mara nyingi jibu ni oili. Subaru kadhaa zina kichujio kidogo cha wavu ndani ya boliti ya bomba la oili linaloilisha turbo. Wavu ukiziba, turbo inakauka, na mpya utakayoifunga itakauka vilevile. Turbo iliyovunjika pia humwaga vipande vya chuma kwenye oili, kwa hiyo bomba la oili, intakula na karteri (bakuli la oili chini ya injini) vioshwe kabla ya mpya kufungwa.

Kampuni ya bima iambiwe, kwa maandishi. Bima ni mkataba wa kuaminiana, na gari lililoongezwa nguvu kimyakimya ni jambo ambalo kampuni inaweza kulisimamisha mbele yako siku ya madai.

Siku ya kufunga, jaza oili safi kwenye tundu la juu la turbo kwa mkono kabla ya kuunga bomba. Chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta na uzungushe stata vipindi vifupi, bila kuiwasha injini, mpaka taa ya oili izime. Ndipo urudishe fyuzi na kuwasha. Liache linguruma huku ukichungulia viungo vyote kwa tochi, kisha liendeshwe busti ikiwa chini kabisa mpaka gari lifike kwa anayetyuni.